Msonobari wa Tatu Kutoka Barabarani

Jumanne, 5 Septemba

Nimeanza kuandika kwa sababu siwezi kutulia. Daktari alisema nitembee. Nimetembea kando ya mto mpaka viatu vimeomba talaka, na bado miguu inacheza chini ya meza. Corbin Fehr, anayekaa mbele yangu, ameniuliza kama nataka kwenda msalani. Yeye ndiye mwenzangu wa pekee hapa ofisini ukimtoa bosi wetu, Lorne. Tuko watatu juu ya duka la mikate, Saskatoon, na kila asubuhi tunachora majengo tukinuka mdalasini.

Kazi inayonikosesha raha ni moja: ukumbi mpya wa Dunmarrow, wa ule mchezo wa kutelezesha mawe juu ya barafu. Dunmarrow ni kwetu. Mwezi Machi paa la ukumbi wa zamani liliporomoka kwa uzito wa theluji, bahati njema hamkuwa na mtu ndani. Baba yangu ndiye aliyekuwa fundi wa barafu humo tangu nilipokuwa na meno ya utoto. Anamwaga maji, anayaacha yagande, anayakwangua mpaka wachezaji wakisukuma jiwe linateleza kama limeambiwa pa kwenda, na wenye mifagio wanalikimbilia mbele kulifagilia njia. Tangu Machi baba anakaa kwenye kiti cha dirishani. Nikipiga simu anasema, "Nipo." Nikimuuliza anafanya nini, anasema, "Nakaa."

Nguzo za msingi zikiingia kabla ardhi haijaganda, ukumbi utasimama, na mwisho wa majira haya ya baridi atakuwa na barafu ya kukwangua. Ardhi ikitangulia kuganda, mwenye mashine ya kutoboa anaondoka mpaka Mei, na baba anaingia baridi nzima kwenye kile kiti. Naogopa hatainuka tena.

Alhamisi, 7 Septemba

"Umepakia upya?"

Hiyo ndiyo salamu ya Corbin. Watu wengine husema umeamkaje.

Najua ana haki, na hilo ndilo linaloudhi. Katika programu yetu kila mtu ana faili lake. Murray, mpima ardhi, faili lake lina ardhi yenyewe: mipaka, miti, mabomba. Yvette, injinia, lake lina nguzo. Letu lina kuta na paa. Hatunakiliani, tunaunganisha tu. Ardhi ya Murray naiona chini ya kuta zangu kana kwamba ni yangu, lakini siwezi kufuta hata mstari mmoja. Akibadilisha kwake, napakia upya kwangu, na kwangu kunabadilika. Nisipopakia, naendelea kuchora juu ya dunia ya juzi. Na kila faili lililounganishwa tunalibana kwa pini, lisije likateleza mkono ukipitiwa.

Corbin anazikagua pini hizo kila asubuhi kama bibi anayehesabu kuku. Kisha anapangusa kibodi yake kwa kitambaa. Kisha anakula mkate wake wa jibini, uleule, akitazama ukuta.

Jumatatu, 11 Septemba

Balaa. Faili jipya la Murray limekuja, na safari hii amechora miti. Upande wa kaskazini ukuta wetu unapita juu ya misonobari mitatu.

Siyo miti ya hivihivi. Iko sita kwa safu, ilipandwa na akina mama wa klabu mwaka walioshinda kombe la mkoa, wachezaji wanne na akiba wawili, kila mmoja wake. Wa tatu kutoka barabarani ni wa mama. Aliupanda mimi nikiwa tumboni, na tangu alipofariki baba huumwagia maji wakati wa kiangazi, ingawa mti mkubwa vile hauhitaji maji ya mtu.

Nilimwonyesha Lorne. Akanishika bega. "Raelene, usinikunjie uso. Kabla ya mkutano wa Jumatano nitakuwa nimelimaliza."

Lorne ndiye aliyenipa kazi wakati hakuna aliyenitaka. Akisema jambo limekwisha, huwa limekwisha. Nikalala.

Jumatano, 13 Septemba

Mkutano ulikuwa kule Dunmarrow, ukumbi wa kanisa. Kahawa nyingi, biskuti za tende, nusu ya mji wamekuja na makoti yao mwilini. Bi Elsie Torgerson, ambaye mti wa kwanza ni wake, hakungoja hata Lorne avue kofia.

"Miti yetu je?"

Lorne akafungua kompyuta, picha ikatokea ukutani kubwa kama shuka. Jengo hapa, miti pale, na katikati nafasi ya kupitisha mkokoteni. "Bi Elsie," akasema, "mimi nani niguse miti ya mabingwa?"

Walipiga makofi. Baba naye alipiga, mkono wa kushoto kwenye goti kwa sababu wa kulia ulikuwa na kikombe. Nilipomrudisha nyumbani hakwenda kwenye kiti. Alishuka chini stoo, nikamsikia akitafuta tupa ya kunolea blade za kukwangulia barafu. Nimeendesha saa moja na nusu kurudi mjini nikiimba peke yangu.

Ijumaa, 15 Septemba

Corbin: "Pini ya faili la ardhi imetoka."

Mimi: "Basi irudishe."

"Sitaki kuirudisha kabla hatujajua ilitokaje."

"Corbin, pini imetoka kama kifungo kinavyotoka kwenye shati. Mtu hafanyi uchunguzi, anashona."

Nikairudisha mwenyewe, mbele ya macho yake, na nikabonyeza kwa nguvu zaidi ya ilivyohitajika. Mchana alikula nusu mkate tu.

Jumanne, 19 Septemba

Upepo. Mapipa ya taka ya mtaa mzima yamelala chali.

Jumatatu, 25 Septemba

Ramani zimetoka, zimepigwa muhuri, zimekwenda kwa mkandarasi. Mashine ya kutoboa itafika Dunmarrow tarehe 23 Oktoba. Lorne alinunua keki. Corbin alisema asante, yeye hali sukari. Mtu huyu!

Jumapili, 1 Oktoba

Baba alisema kwenye simu, "Siwezi kuongea sana, naenda kuangalia kiwanja." Kiwanja ni nyasi tupu. Nimefurahi mpaka nimefua mapazia.

Alhamisi, 5 Oktoba

Murray alipiga simu nikiwa na mkate mdomoni.

"Raelene, niko kwenu hapa naweka vigingi vya nguzo. Kaswali kadogo tu. Hii miti mnaikata lini?"

"Miti gani?"

"Hii misonobari. Kigingi kimoja nimekipigilia katikati ya matawi. Nimechomwa uso mzima kwa ajili yenu."

"Murray, umekosea vipimo."

"Dada yangu, mimi hukosea majina ya wajukuu. Vipimo sikosei."

Nilimpa Corbin simu. Alisikiliza, akasema ndiyo, ndiyo, akaiweka chini taratibu. Kisha akafanya kitu rahisi mno: akaunganisha faili la Murray mara ya pili, juu ya lile lililokuwepo, liketi pale ambapo namba zake zenyewe za vipimo zinalipeleka. Kwenye skrini kila mti ukapata pacha, mita tatu kusini yake. Mipaka ikawa miwili. Bomba la maji la mji likawa mawili.

Jengo lilikuwa halijasogezwa hata unywele. Kilichosogezwa ni ardhi.

Nikaelewa pia nilichofanya mimi. Ile pini. Ardhi ilikuwa imekaa mahali pasipo pake, Corbin akaniambia, na mimi nikaibana palepale ikae vizuri. Nilimngoja aseme "nilikuambia." Angelisema ningemrushia kikombe, na hakulisema, na hiyo ikaniuma zaidi.

Lorne aliingia akipiga mluzi. Alitazama skrini, mluzi ukakatika.

"Ni mimi," akasema.

Akakaa kwenye kiti cha wageni katika ofisi yake mwenyewe. "Siku ya mkutano nilijaribu kulisogeza jengo, likagoma. Limefungana na nguzo za Yvette, kila nikilivuta linanipa onyo jekundu. Nanyi mko chini kwenye magari yenu mnapiga honi. Ardhi nilipoitoa pini ilisogea kwa kidole kimoja. Nikasema nitarekebisha tukirudi."

"Ukasahau," nikasema.

"Walipiga makofi, Raelene. Nikasahau."

Halafu akasema lililonivunja moyo: tusiwaambie watu wa Dunmarrow mpaka Jumanne, sikukuu ya shukrani ipite, apate kufikiri. Mtu niliyemwona mlima! Nilitaka kumfokea, nikaishia kusema sawa. Corbin hakusema sawa. Alisema, "Isizidi Jumanne."

Ijumaa, 6 Oktoba

Yvette amekasirika kwa adabu, na adabu yake inatisha kuliko matusi. Akichora upya kila nguzo kwa mkono, wiki tatu. Hatuna wiki tatu. Asubuhi kulikuwa na barafu nyembamba kwenye kioo cha gari.

Jumapili, 8 Oktoba

Sikukuu ya shukrani kwa baba, sisi wawili. Nilioka bata mzinga mdogo, yeye akapika kabichi za kuviringishia wali kwa namna ya mama, ila zake hufunguka sufuriani. Nyumba ilikuwa na harufu nzuri. Kile kiti cha dirishani kilikuwa kimerundikwa blade zilizonolewa, mtu hawezi kukikalia hata akitaka.

Nikala. Nikasifu. Nikaongelea hali ya hewa, bei ya petroli, goti la Bi Elsie. Nikaongeza viazi nisivyovitaka. Kila nikiinua macho naye ananitazama kwa upole, ndevu zake zikiwa na mchuzi.

"Umeshiba?" akauliza.

"Nimeshiba, Baba."

"Haya. Sasa niambie habari za vigingi."

Uma ulinitoka mkononi. Nilikuwa nimesahau kabisa kwamba anakwenda pale kila siku.

"Niliviona Alhamisi," akasema. "Nikajiambia, binti yangu anakuja Jumapili, ataniambia mwenyewe. Nimekungoja tangu supu."

Nikamwambia yote. Lorne, pini, mimi. Alisikiliza akikunja kitambaa cha meza. Nilipofika pale ardhi iliposogezwa, mabega yakaanza kutikisika, nikadhani analia. Alikuwa anacheka! Sijamsikia akicheka tangu Machi.

"Lorne ameisogeza Dunmarrow? Serikali imeshindwa hata kutusogezea lami, yeye kaisogeza Dunmarrow nzima kwa kidole?"

Tulicheka mpaka nikajishika ubavu. Kisha akajifuta macho na kuuliza miti mingapi.

"Mitatu jengo likibaki lilipo. Tukilisogeza kusini inapona miwili. Zaidi ya hapo tunakaribia mno bomba la maji, mji hauruhusu. Na safu ya miti imekaa mshazari, kona ya jengo bado inagusa mmoja."

"Lipunguzeni urefu."

"Baba. Barafu ya mawe urefu wake ni ule mmoja. Wewe ndiye uliyenifundisha."

"Upi unaoguswa?"

Nadhani alikwisha kujua. "Wa tatu," nikasema.

Akainuka kuosha vyombo. Nilipotaka kumsaidia akasema nikae.

Jumanne, 10 Oktoba

Ukumbi wa kanisa tena, ila kahawa hakuna aliyeipika. Lorne alisimama bila kompyuta. Hakumtaja Murray, hakumtaja Corbin, hata mimi na pini yangu hakututaja. "Nilitaka mnipende," akasema, "nikawaonyesha picha ya uongo." Nilimwona mzee ghafla, na hasira yangu ikapungua ingawa sikutaka ipungue.

"Tulikupigia makofi, Lorne," Bi Elsie akasema. "Turudishie makofi yetu."

Baadhi walicheka, baadhi hawakucheka. Lorne akawaeleza: mti mmoja, au kungoja Mei na kulihamisha bomba kwanza. Kijana wa duka la matrekta akauliza, "Mti wa nani?" na mama yake akamkanyaga mguu. Hakuna aliyemtazama baba. Watu wote walitazama viatu.

Mwenyekiti akasema labda tupige kura.

Baba akasimama, akavaa kofia. "Mti wa mke wangu haupigiwi kura," akasema, akatoka. Nilimfuata mpaka mlangoni. Gari lake lilikuwa limeshaondoka.

Jumatano, 11 Oktoba

Hapokei simu.

Alhamisi, 12 Oktoba

Bado hapokei. Nimekata kucha zote kwa meno.

Lakini niandike hili, kwa sababu nina deni nalo. Corbin alisema tusikae tukingoja jibu, tuandae jengo lililosogezwa, kama halitatumika basi. Nikamwambia wiki tatu tutazitoa wapi. Akageuza skrini yake.

Kumbe ule usumbufu wake wa tangu mwaka jana, ule wa kutukataza kuunganisha faili popote mkono ulipoangukia, ulikuwa na maana. Kuta zetu, nguzo za Yvette, mabomba ya kugandishia barafu, vyote vimening'inia kwenye alama moja tu kwenye kona ya jengo. Nilikuwa namwita kwa siri Mchungaji wa Alama.

"Ukiisogeza hii," akasema, "vingine vinafuata. Ndiyo sababu jengo lilimgomea Lorne. Alivuta kuta, hakuvuta alama."

"Kwa nini hukumfundisha?"

"Nilimfundisha. Alikuwa anapiga mluzi."

Akabadilisha namba moja. Nikampigia Yvette, nikamwambia neno ambalo sikuwahi kudhani litatoka kinywani mwangu: "Pakia upya."

Nikasikia akibonyeza. Halafu, "Mama yangu! Nguzo zimekuja zote. Hata ile ya mlangoni." Akaomba siku nne za kukagua uzito. Corbin alipangusa kibodi. Nilimletea mkate wa mdalasini, akala wote, sukari na kila kitu.

Jumanne, 17 Oktoba

Theluji ya kwanza, imeyeyuka kabla ya chai. Hapokei.

Ijumaa, 20 Oktoba

Baba amepiga mwenyewe. "Njoo kesho. Lete mtu anayejua msumeno, siyo Lorne."

Jumamosi, 21 Oktoba

Corbin amekulia shambani, msumeno wa moto anaushika kama mimi ninavyoshika kijiko. Njiani hakuongea, nikashukuru.

Baba alikuwa ameshafika, amevaa koti la klabu lenye vitambaa vya mashindano mabegani. Chini ya mti alikuwa amefagia majani yote makavu, yale membamba kama sindano, kwa ufagio wa mchezo, wa mama, ule wenye mpini mwekundu.

"Baba, si lazima," nikasema. "Mei si mbali."

"Mei ni mbali sana," akasema. "Wewe unadhani sijui ulikuwa unaogopa nini kila uliponipigia simu? Mimi pia nilikuwa naogopa. Nilikaa kwenye kile kiti, nikasikia kinanizoea."

Akaweka kiganja kwenye gome. "Hizi siku kumi nimekuwa nikimuuliza. Kwake jibu lilikuwa fupi, mimi ndiye niliyechelewa kulisikia. Mama yako aliupanda huu kwa sababu kulikuwa na ukumbi. Hakuna aliyejenga ukumbi kwa sababu ya mti."

Corbin alikata, baba na mimi tukavuta kamba. Ulianguka upande wa barabara, mahali hasa Corbin alipoelekeza, na vumbi la sindano likatuingia machoni. Nililia kwa sauti, sikujali. Baba alivua kofia, akaivaa, akasema ana njaa.

Jumatatu, 23 Oktoba

Mashine imefika. Nguzo ya kwanza imeingia saa za asubuhi. Lorne amekwenda mwenyewe, na inasemekana Bi Elsie amempa kahawa, baridi lakini kahawa.

Jumatano, 25 Oktoba

Murray alipita kiwanjani jana kupima upya. Faili lake limeingia asubuhi. Mkandarasi anataka karatasi ya mwisho ya kiwanja, Yvette anaingoja, na kazi yote iliyobaki ni kitufe kimoja.

Sikukibonyeza. Kwenye skrini yangu misonobari bado ilikuwa sita, maduara sita ya kijani, wa tatu ukiwa umeguswa na kona. Kwa Murray mti haupo. Kwa Yvette haupo. Kule Dunmarrow limelala gogo tu. Katika ulimwengu mzima mti ulibaki umesimama kwangu tu, kwa sababu sijapakia. Nilipanga upya droo. Nilinoa penseli ambazo hatuzitumii. Nilikwenda dukani chini nikarudi bila kununua kitu.

Corbin alipita nyuma yangu mara kadhaa na hakuniuliza. Mtu ambaye angeuliza hata kwenye mazishi, hakuniuliza.

Saa ya chakula nikampigia baba. Nyuma yake mashine ilikuwa inanguruma.

"Baba, uko wapi?"

"Kazini!" akapiga kelele. "Hawa vijana wanapakua mabomba ya barafu bila kunitazama mimi fundi! Nitakupigia!" Akakata.

Sikusikia "nipo." Nikaiweka simu mezani.

"Corbin," nikasema. "Niulize."

Alielewa. Akaacha mkate wake, akafuta vidole kwa kitambaa, akakohoa kidogo.

"Umepakia upya?"

Nikabonyeza. Duara la tatu likaondoka, mengine matano hayakusogea. Nikaangalia pini, ipo.

"Nimepakia," nikasema.